Maswali na Majibu: Mfupa wa Ndege Ukiunga Kombo

Shikamoo daktari. Jogoo wangu alikanyagwa na ng'ombe, muundi ukavunjika. Tulimfunga vijiti, umeunga, ila mguu umegeukia nje. Tuuvunje upya tuunyooshe? (Mama mfugaji, Mafinga)

Marahaba mama. Kwa mikono usithubutu! Ganda la mfupa wa ndege ni jembamba na kavu, litapasuka vipandevipande. Njia ni upasuaji: jogoo anavutishwa dawa ya usingizi, mfupa unakatwa kwa msumeno mdogo pale ulipopinda, unanyooshwa, halafu pini ya chuma inapitishwa ndani yake. Pini hiyo huzuia kupinda lakini haizuii mfupa kuzunguka, kwa hiyo huongezwa pini nyingine zinazotokeza nje ya ngozi na kuunganishwa kwa ufito.

Kabla ya yote, mgeuze umtazame unyayo wa mguu MZIMA, yaani ule usiovunjika, maana ndio unaobeba uzito wote. Ngozi ikiwa laini na inang'aa, au ina kigaga cheusi katikati, basi ule ukombo unamuumiza na upasuaji una maana. Kama nyayo zote ni safi, anakanyaga na anapanda mitetea, mimi ningemwacha. Ukiamua kumtibu, kwanza apigwe eksirei. Ulizia hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro.

Njiwa wangu bawa limeunga likining'inia. Ataruka tena? (Kijana wa Mwanjelwa, Mbeya)

Likunjue polepole, kijana wangu. Kiwiko kikiwa kimekakamaa, hata mfupa ukinyooshwa hataruka. Kikifunguka vizuri, matumaini yapo, ingawa bawa halisamehe kasoro kama mguu. Mpasuaji naye awe mwangalifu: njiwa wa gramu 300 ana damu kama mililita 30 tu mwili mzima.

Kuku kavunjika bawa jana, mfupa unaonekana. Nimwoshe kwa maji ya chumvi? (Tukuyu)

Kama ni mfupa wa juu, unaoshikana na bega, usimwagie kitu. Una uwazi unaoungana na mifuko ya hewa, na maji yakiingia humo anaweza kuzama akiwa mikononi mwako. Funika kidonda kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo, lilaze bawa ubavuni lilivyokaa kawaida, ulifunge bila kukaza kifua. Ndege hupumua kwa kuinua na kushusha kidari. Ukikibana anakosa pumzi. Mtie kwenye boksi lenye joto, na leo hii hii afike kwa daktari wa mifugo.