Ana stashahada ya maabara: aanze kusoma slaidi Jumatatu?

SWALI: Hongereni kwa kazi. Nina zahanati hapa Sakina, Arusha. Nimemwajiri binti mwenye stashahada ya maabara, amemaliza mwaka huu. Naweza kumwachia kipimo cha malaria peke yake?
Mwenye zahanati

JIBU: Bado. Kwanza akuonyeshe usajili na leseni hai ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya; cheti cha chuo pekee hakimruhusu kufanya kazi. Baada ya hapo mpime kwa mikono yake, kwenye hadubini yenu.

Arusha malaria ni adimu. Mtu anaweza kusoma slaidi (vioo vyenye damu) miezi bila kukutana na kimelea, na jicho likasahau. Kwa hiyo omba hospitali kubwa iliyo karibu ikupatie slaidi zilizothibitishwa, kama 20 hivi: zenye vimelea vingi, vichache sana, na zisizo navyo. Zipe namba tu, asijue majibu.

Lakini usimpe za kusoma tu. Atengeneze na zake ukimwangalia. Tone nene la damu liwe na upana wa sentimita 1 hivi, lakini lisizidi unene unaoruhusu kusomeka maandishi ya gazeti chini yake. Likauke lenyewe. Baridi ya Julai huwafanya wengi waisogeze slaidi kwenye moto, na hapo ndipo inapoharibika: joto hugandisha seli nyekundu, zinagoma kupasuka kwenye rangi, na vimelea vinafichika. Methanoli, ile ya kugandisha tone jembamba lililosambazwa kwenye slaidi hiyohiyo, ikichuruzika hadi tone nene huleta balaa hilohilo. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10, yaani sehemu 1 ya rangi kwa 9 za bafa (maji yenye pH isiyoyumba) ya pH 7.2, ichanganywe siku hiyohiyo na ikae dakika 10 hadi 15. Iliyolala huacha chembe nyeusi ambazo mgeni huzihesabu kama vimelea.

Asiandike “hakuna” kabla ya kupitia nyuga 100 (sehemu zinazoonekana kwa mara moja kwenye hadubini) kwa lenzi ya mafuta. Akiona vimelea, ahesabu hadi seli nyeupe 200: vimelea 50 ni 50 × 40, yaani 2,000 kwa mikrolita (40 ni 8,000 ÷ 200, kwa kukadiria seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita ya damu).

Kosa zito kuliko yote ni kuikosa slaidi yenye vimelea. Likitokea, afundishwe upya na apimwe kwa slaidi nyingine. Weka tarehe, majibu na sahihi ya msimamizi kwenye faili lake; rudia baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Hadi afaulu, kila slaidi yake isomwe na mtaalamu mwingine kabla majibu hayajamfikia mgonjwa.