Huku ukinyamaza wanahesabu umekubali

Wadogo zangu mnaomaliza uhandisi ujenzi pale Mlimani, mmeniuliza kama huku Kanada hesabu nzuri zinatosha kumpandisha mtu cheo. Nawajibu bila kuficha: hesabu zitakupa kazi, lakini ukiwa mtu wa kukaa kimya utabaki kwenye kiti kilekile miaka nenda rudi. Nimewaona wenzetu wenye akili sana wakikwama hivyo, na inaniuma.

Tatizo si Kiingereza. Tumelelewa kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Huku bosi anauliza kikaoni, "Kuna mwenye wasiwasi?" Ukinyamaza, haoni adabu; inaandikwa kwamba umeridhia.

Mwaka 1907 Daraja la Quebec, huku huku Kanada, lilianguka likiwa bado linajengwa, wakafa wafanyakazi 75. Vyuma vya chini vilikuwa vimeshaanza kupinda, na mhandisi kijana wa saiti, Norman McLure, alikuwa amevipima. Akasafiri hadi New York kumweleza mshauri mkuu, Theodore Cooper. Cooper akatuma telegramu kwamba uzito usiongezwe, ila aliituma kwa kampuni ya vyuma kule Pennsylvania, si saiti. Kazi ikaendelea, na jioni ileile daraja likaporomoka. Ndiyo, hesabu zenyewe zilikuwa na kasoro kubwa. Lakini onyo lilikuwepo, halikuwafikia waliokuwa juu ya daraja.

Mimi kabla ya kutoa mchoro nampigia simu fundi nondo. Pale bimu inapokutana na nguzo, kompyuta inasema nondo zinatosha. Yeye anasema zimebanana mno, zege halitapita na vaibreta, kile kifaa cha kutikisa zege lishindiliwe, haitaingia. Basi tunapanga upya, nondo chache zenye kipenyo kikubwa zaidi, siku nyingi kabla ya kumwaga zege. Hilo programu yangu ya hesabu haikuniambia.

Kuhusu usajili wa kuwa mhandisi mwenye leseni, mwaka 2023 jimbo la Ontario liliondoa sharti la uzoefu wa Kanada, kwa hiyo kazi ya nyumbani inahesabika. Unapimwa kwa stadi 34 katika makundi 7, na mawasiliano ni kundi zima. Kwa hiyo anzeni sasa, mkiwa Dodoma au Kigamboni: ombeni kuandika ripoti ya saiti, ongozeni kikao cha asubuhi na mafundi, tunzeni nakala.

Na wewe uliyeuliza kuhusu kulipia kozi ya lafudhi, pesa hiyo iweke kwenye ada za usajili. Lafudhi yangu bado ni ya Tanga, na saiti wananielewa vizuri.