Kutoka kuosha vyombo hadi kumiliki timu: inawezekana?

Ndugu, umeuliza kama mtu wa kibarua cha jikoni anaweza kuja kumiliki timu, na kama uanze kuiwekea akiba sasa. Inawezekana, ila si kwa akiba. Mwangalie Shahid Khan. Alitoka Pakistan mwaka 1967 akiwa na miaka 16, akasoma uhandisi Illinois, Marekani, huku akiosha vyombo kwa dola 1.20 kwa saa. Watu hupenda kuishia hapo kwenye masufuria, lakini kilichomtoa ni bampa. Akiwa ameajiriwa kwenye kampuni ya vipuri vya magari, alibuni bampa ya kipande kimoja, nyepesi kuliko zile za kuungaunga. Mwaka 1978 akafungua kampuni yake. 1980 akainunua ile iliyomwajiri.

Timu zilikuja baadaye sana: Jacksonville Jaguars, ya futiboli ya Kimarekani, 2012, na Fulham, ya soka ya London, 2013. Tena mwaka 2010 aliikosa Rams, timu nyingine ya futiboli ya Kimarekani, maana mbia wa klabu alikuwa na haki ya kununua kwanza.

Kwa sasa tafuta kasoro kazini kwako ambayo mteja atalipa iondolewe. Faida ikikolea, anza na hisa chache za klabu ndogo, na kagua madeni yake kabla ya kusaini. Mishahara ya wachezaji haisubiri viingilio.