Thomu Mombasa: fuata majani, si kichwa

Wewe unayeanza kupanda thomu kwenye ndoo huku kwetu, kichwa sahau. Thomu hutaka majuma kadhaa ya baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, ndipo igawanyike punje, na Mombasa hata usiku wa Julai haufiki huko. Thomu-mwitu ya Ulaya ndiyo usiinunulie mbegu kabisa: ni mmea wa kivuli cha misitu yenye unyevu, na mbegu zake hungoja baridi ndipo ziote. Wauza mbegu hawakwambii hayo.

Chako ni majani. Yana harufu ileile, ila ya upole.

Pale sokoni Marikiti chagua punje nene zilizokwisha kuchipua zenyewe, zile ambazo wapishi huzikataa. Zichomeke ncha juu kwenye udongo wenye samadi ya mbuzi iliyooza, na ndoo uitoboe chini.

Kinachoua zaidi ni maji. Jamii ya vitunguu haivumilii chumvi, na visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Ncha za majani zikikauka, mtu hudhani ni kiu, akazidisha maji yaleyale! Kinga maji ya mvua, au tumia yale uliyooshea mchele, mradi yawe maji matamu. Makumbi ya nazi nayo hubeba chumvi. Yaroweke na kuyasuuza kabla ya kuyachanganya na udongo.

Majani yakifika shubiri, kata ukibakisha vidole viwili chini, yatachipua tena. Yakianza kuwa membamba, panda punje nyingine.

Jikoni, usiyatie mapema. Ukali wa thomu huzaliwa jani linapokatwa, kimeng'enya chake, yaani kichocheo kinachouzalisha ukali huo, kinapoanza kazi, na moto hukiua. Kwa hiyo katakata, acha dakika kumi, kisha nyunyiza kwenye mbaazi za nazi tui zito likishaiva, ukiwa karibu kuepua. Kwa viazi karai mimi huyasaga na dania, ukwaju na pilipili mbichi. Chatini hiyo naiona bora kuliko ya punje, ambayo hukaa kinywani mpaka kesho.

Yakizidi, yafunge kwenye friji. Usiyaloweke mabichi ndani ya chupa ya mafuta ukaiacha mezani: mle hamna hewa, na bakteria wa botulizimu huweza kutoa sumu bila harufu wala ladha ya kukushtua. Ukitaka mafuta ya thomu, tengeneza ya kula siku hiyohiyo.