Kabla Hujachovya Brashi

Jumamosi iliyopita nilimkuta msichana mmoja wa karakana yetu ya picha za kubandika vitu vikuukuu ameinamia daftari la madeni la duka la zamani. Kurasa zimejaa majina ya watu na deni la sukari na mafuta taa, yote kwa mwandiko wa mkono. Mkononi alikuwa na brashi pana iliyolowa gundi nyeupe aliyoizimua kwa maji. Nilipiga kelele hadi fundi wa viatu wa jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna nyoka.

Nyinyi mlioingia mwaka huu, nawapenda na mnanichosha. Ng'ombe wenu wenye macho ya vizibo vya soda wananifanya nicheke peke yangu nikiwa kwenye matatu. Lakini makosa mnayofanya nimeyafanya yote, na kwa mpangilio huo huo, kwa hivyo leo naandika.

1. Ubao kwanza, picha baadaye. Katoni ya sabuni haijawahi kuwa ubao. Karatasi ikilowa gundi hutanuka, ikikauka hujivuta, na ikijivuta hulivuta pia lile ililoshikamana nalo. Ndiyo maana kazi zenu zinajikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa bila vigingi. Tafuteni MDF au hadibodi, zile mbao za unga wa mti uliogandamizwa, mpige praima, yaani rangi ya msingi, mbele na nyuma, na mkishabandika mbele, bandikeni karatasi tupu nyuma ili pande zote mbili zivutane sawa. Halafu ikandamizeni chini ya uzito usiku kucha, hasa msimu wa mvua ndefu. Mtu akienda kunywa chai akarudi, huo si usiku kucha.

2. Gundi si moja. Ya mbao kwa vitambaa na vipande vya mbao, ile nyeupe ya PVA kwa karatasi, na supaglu iacheni kabisa kwenye bati linalong'aa, maana mvuke wake huacha utando mweupe usiotoka. Uji wa unga wa ngano ni gundi nzuri ya karatasi na mimi bado naupika, lakini ni chakula. Kuku wangu wa vipande vya ramani aliyetundikwa karibu na mlango alikuwa na mkia mrefu kuliko mwili. Nilimbandika kwa uji, sikumpaka vanishi, na mende wakamla kuanzia nchani. Walipofika Tanganyika ndipo nikashtuka.

3. Mali iko kila mahali, ila gunia lililojaa mali bado si kazi. Hapa Nairobi, vifungo na zipu mtapata soko la Gikomba asubuhi mapema, gia na bearing Grogan, matumbo ya redio Luthuli, vipande vya bati Kamukunji, na vitabu vikuukuu kwa wauzaji wa kando ya barabara pale mjini. Sasa, mkishapata, kila kitu kijibu swali moja: kinafanya nini ndani ya picha? Mwaka 1912 mchoraji Picasso alichukua kitambaa cha meza chenye chapa ya kiti cha kusukwa, akakibandika kwenye picha yake, akaizungushia picha nzima kamba badala ya fremu. Kitambaa kikawa kiti, kamba ikawa ukingo wa meza. Kila kimoja kilikuwa na kazi.

Hata hapa kwetu. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amejenga miili ya wanawake kwa vipande vya magazeti ya mitindo na michoro ya vitabu vya udaktari, na ukitazama unaelewa kwa nini mguu umetoka kwenye gazeti lile na si jingine. Nao Wajukuu, kikundi cha wasanii wa mtaa wa Mukuru hapa Nairobi, walipoalikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta kule Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, walifunika mlango wa jumba zima kwa mabati makuukuu, mgeni akaingia kana kwamba anaingia kichochoroni kwao. Walirudi na tuzo ya Arnold Bode. Mabati ni yale yale mnayoyapita kila siku. Wao walijua yanasema nini.

4. Wino. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2011 mzee mmoja aliniletea bahasha ya kaki. Alikuwa gadi wa treni tangu enzi za East African Railways and Harbours, akastaafu akiwa Kenya Railways. Ndani mlikuwa na tiketi nne ndogo za kadi ngumu, vifungo sita vya shaba vya sare yake, stempu zenye majina ya nchi tatu, na barua ya kurasa mbili ambayo marehemu mkewe alimwandikia mwaka 1968, yeye akiwa safarini upande wa Nakuru. Alitaka kitu cha kuchekesha wajukuu. Tukakubaliana: treni, tiketi ziwe mabehewa, vifungo viwe magurudumu. Barua akainyoosha kwa kiganja juu ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, hii iwe anga." Akaacha nusu ya malipo.

Kufikia hapo nilikuwa nimebandika mamia ya kurasa za magazeti na vitabu, na wino haukuwahi kutikisika. Nikadhani wino ni wino. Sikuwa nimejiuliza kwamba wino wa kuchapia magazeti na vitabu una mafuta ndani yake na maji hauyajali, wakati ule wa kalamu ya kujaza hutoka kwenye chupa ukiwa umeyeyushwa kwa maji, na maji yakirudi nao unarudi ulikotoka.

Ilikuwa saa tano usiku. Treni ilikuwa tayari, nzuri kweli, ina bomba la moshi la kifuniko cha dawa ya meno. Nikaiweka barua mahali pake, nikachovya brashi, nikapitisha mara moja kutoka kushoto hadi kulia. Herufi ziliota manyoya. Kisha zikaota miguu, zikaanza kutembea. Gundi kwenye brashi iligeuka rangi, ikawa kama maziwa yaliyotiwa buluu ya kufulia. Nikashtuka, nikachukua karatasi ya choo nikafuta, na kufuta ndiko kulikomaliza kila kitu, kwa sababu karatasi ya choo ilinyonya yale yaliyokuwa bado hayajaamka. Ukurasa wa kwanza wote ulibaki wingu la buluu. Chini kwenye pembe, ambako brashi haikufika, yalisalia maneno haya: "ng'ombe mweusi amezaa, mabati bado".

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu la kwanza nilifanya kwa kutojua. Nilikata anga nyingine kutoka kwenye ramani ya shule, nikaibandika juu ya barua yake, nikaisugua vizuri hadi kingo zote zikalala. Nikajiambia ataipenda treni.

Alikuja Ijumaa, amevaa koti. Akaitazama treni, akagusa gurudumu moja, akatabasamu. Kisha akavaa miwani akasogea karibu na anga. Alisoma majina ya miji kwenye ile ramani, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta stesheni yake. Akageuka akaniuliza, "Barua iko wapi?" Nikamwambia iko chini. Nikamweleza yote, nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Hakunifokea. Aliuliza kama kuna vipande vilivyobaki nilipokuwa nikikata kingo, hata vidogo, maana pembeni aliandikiwa salamu za watoto. Nilikuwa nimefagia asubuhi ile. Nikakimbia hadi kwenye pipa la nje, nikamwaga takataka zote chini, nikapata ukanda mmoja usiozidi kidole, umeandikwa "-kusalimu sana".

Aliuweka kwenye mfuko wa shati. Halafu akatoa nusu ya pili ya malipo akaihesabu mezani. Nikamwambia, mzee, tafadhali, siwezi kuzipokea. Akasema, "Tulipatana." Akaondoka na treni yake chini ya kwapa. Ningependa angenifokea.

Kwa hiyo, kila karatasi iliyoandikwa kwa mkono: lowesha pamba kidogo, gusa nukta moja mahali pasipoonekana, hesabu hadi thelathini, kandamiza karatasi nyeupe. Ikitoka na rangi, weka brashi chini. Na hata isipotoka, peleka ikapigwe fotokopi kwa mashine ya leza, ile ya unga, kisha kata nakala. Printa ya nyumbani ya wino wa maji itakufanyia yale yale niliyomfanyia mzee. Kitu kilicho kimoja tu duniani hurudi kwa mwenyewe kikiwa kizima. Picha za zamani za studio vilevile. Uso wake ukilowa hulainika na kunata.

5. Vizibo vipigwe msasa kingo kabla ya kumpa mtoto kazi yenye vizibo. Wembe ubadilishwe ukianza kurarua badala ya kukata. Panga vipande vyote bila gundi, piga picha kwa simu, lala, uvitazame tena asubuhi. Karatasi ya gazeti itageuka njano kwa jua la Nairobi mtake msitake, kwa hiyo msitundike kazi mkabala na dirisha. Nyuma ya ubao andikeni tarehe, gundi mliyotumia na praima. Miaka kumi ijayo mtu atataka kuitengeneza, na huenda mtu huyo ni wewe.

6. Yule msichana wa daftari. Nilipokwisha kupiga kelele nilivuta kiti tukapima pamoja. Majina yaliandikwa kwa kalamu ya bolpeni, hayakusogea. Tarakimu za madeni ziliandikwa kwa wino mwekundu wa chupa. Pamba ilitoka waridi papo hapo. Alinitazama, akaitazama pamba, akaifunika ile kopo ya gundi mwenyewe bila kuambiwa. Anataka kumtengeneza tembo mwenye duka, masikio yake yawe kurasa za madeni, na wazo hilo nimelipenda mno. Akashika njia kwenda River Road kupiga nakala. Nilimfungia daftari ndani ya leso yangu, kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka.