Barua kwa mwanangu: kucheza sataranji na kompyuta

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini, baada ya miezi minne ya kucheza sataranji na kompyuta kila usiku, bado wenzako wa kazini wanakufunga kwa urahisi.

Programu kama Stockfish hatuiwezi, wewe wala mimi. Hata Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, alishindwa na kompyuta ya Deep Blue mwaka 1997, na programu za simu za leo zinacheza vizuri kuliko ile. Nawe ukiipunguza makali haiwi kama mtu dhaifu: inacheza kwa ustadi hatua kumi, kisha inakuachia malkia bure, hata ukazoea kungojea zawadi ambayo binadamu hatakupa.

Mimi hucheza barazani na jirani, nikaandika kila hatua katika daftari. Nikifungwa, huandika pia nilichokuwa nikikifikiria, na ndipo huiuliza kompyuta. Juma lililopita niliamini kwamba kilichonimaliza ni farasi wake, aliyeruka akawatishia mfalme na ngome yangu kwa pamoja. Kompyuta ikanionyesha kuwa nilikosea hatua tatu kabla, nilipomsogeza askari aliyekuwa akiulinda mraba ule ule ambao farasi alikuja kutua. Daftari lilisema: "Nataka kumfungulia njia malkia." Farasi sikuwa nimemfikiria kabisa, na hilo kompyuta isingeweza kuniambia.

Ukitaka kushindana nayo, shindana mwishoni mwa mchezo. Panga mfalme na ngome upande wako, na upande wake mfalme peke yake. Ikiwa zamu ni yako na ngome haiko hatarini, ushindi upo ndani ya hatua 16, lakini zikipita 50 bila kummaliza, mchezo huhesabiwa sare. Itakukimbia hadi hatua ya mwisho, wala haitajifanya imechoka kama nilivyokuwa nikijifanya ulipokuwa mdogo.

Ukija Idi, njoo na daftari lenye michezo mitano uliyofungwa na watu, tuipange upya. Ubao ni ule ule, ila farasi mmoja mweusi amepotea, na mahali pake nimeweka komwe ya bao.

Wako,
Baba