Seli T huiona saratani na kuiacha: habari ya ishara ya pili

Mkuu, umeuliza maswali mawili. Kwanza, kama seli T, zile seli nyeupe za damu zinazoulinda mwili, zina uwezo wa kutambua saratani, na mara nyingi hukutwa zimejaa ndani ya uvimbe wenyewe, mbona haziuui? Pili, kama zinakosa kuchochewa, kwa nini madaktari wasizichochee tu? Kazi yangu ya kila siku ni kulea seli hizi maabara, kwa hiyo nitaanza na nilichokiona mwenyewe.

Wengi tulifundishwa kwamba seli T ina kipokezi, na kipokezi hicho kikikutana na kipande cha protini ya adui juu ya seli nyingine, vita inaanza. Hiyo ni nusu ya habari. Seli T changa, ile ambayo haijawahi kupigana, hungoja ishara ya pili: protini yake iitwayo CD28 ishikane na CD80 au CD86 zilizo juu ya seli hiyohiyo inayomwonyesha adui. Ishara ya kwanza inasema ni nani huyu. Ya pili inasema kama ana madhara.

Nilipokuwa mwanagenzi nilitenga seli T changa nikazigawa kwenye visima vidogo vya sahani ya plastiki. Nusu ya visima niliweka kingamwili ya kuchokoza kipokezi peke yake. Nusu nyingine nikaongeza kingamwili ya kuchokoza CD28. Siku ya tatu nikafungua inkubeta. Kwenye visima vyenye ishara zote mbili, maji ya kulishia seli, ambayo huwa mekundu, yalikuwa yamegeuka manjano, maana seli zilikuwa zinakula sukari kwa pupa na kumwaga asidi. Chini ya hadubini zilikuwa zimeshikana kama vichala vya zabibu. Upande wa pili maji bado mekundu; seli zimenenepa kidogo, zimetawanyika, na nyingi zinakufa. Nikadhani nimekosea vipimo. Nikarudia mara mbili, nikapata yaleyale. Tangu siku hiyo sijawahi kuiita CD28 "msaidizi", kama vitabu vingine vinavyoiita. Bila hiyo seli haitengenezi interleukini-2, protini inayoziamuru seli T ziongezeke, ya kutosha, haivuti sukari ya kutosha, na haipati protini za kuikinga isife.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1987 Jenkins na Schwartz walionyesha kwamba seli T ikipewa ishara ya kwanza bila ya pili huweza kuingia katika hali ya bubu: hata ukiiletea baadaye ishara zote mbili, haiitikii. Kwa mwili wenye afya hii ni rehema, kwa sababu ndiyo njia mojawapo ya kuzizuia seli T zisishambulie viungo vyetu wenyewe.

Sasa tazama maambukizi. Bakteria au virusi akiingia, seli za dendriti, ambazo ni walinzi wanaomwonyesha adui kwa seli T, humhisi kwa vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo mwili wetu hauna, mfano ukuta wa bakteria. Zikishamhisi, zinapandisha CD80 na CD86 kwa wingi na kusafiri hadi kwenye tezi za limfu. Kwa hiyo anayeonyesha sura ya adui ndiye huyohuyo anayetoa ushahidi wa hatari. Ndiyo maana protini safi ya kijidudu, ikidungwa peke yake, mara nyingi haifai kitu kama chanjo. Inahitaji kichocheo cha kuziamsha seli za dendriti.

Saratani haina ukuta wa bakteria. Ni seli zetu zilizoharibika, zinakua kimyakimya, na uvimbe mwingi hauna CD80 wala CD86. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliingiza jeni ya CD80 kwenye seli za melanoma (saratani ya ngozi) ya panya. Uvimbe ukakataliwa na mwili. Panya hao walipopandikizwa baadaye melanoma ya kawaida, isiyo na CD80, wakaikataa nayo. Kwangu hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: askari walikuwepo na adui walimwona, ila amri haikutolewa.

Si hilo tu. Seli T ikishaamka hutoa CTLA-4, ambayo hushika CD80 na CD86 kwa nguvu kuliko CD28 na kuinyang'anya nafasi. Ni breki, na ni breki ya lazima: panya waliozaliwa bila CTLA-4 hufa wakiwa na wiki tatu au nne, viungo vimejaa seli T. Mwaka 1996 kundi la James Allison lilionyesha kwamba kuiziba CTLA-4 kwa kingamwili huwawezesha panya kuushinda uvimbe. Ipilimumabu, dawa ya kingamwili inayoiziba CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma. PD-1, breki aliyoigundua Tasuku Honjo na wenzake mwaka 1992, nayo ilikuja kuonekana kwamba huilenga sana CD28 yenyewe inapozima seli. Allison na Honjo walipewa Nobel mwaka 2018.

Swali la pili. Kuchochea CD28 moja kwa moja kulijaribiwa London, Machi 2006. Wanaume sita wenye afya njema walipewa TGN1412, kingamwili iliyoweza kuiamsha CD28 bila hata ishara ya kwanza. Ndani ya saa chache wote walikuwa hoi kwa dhoruba ya sitokini, yaani mfumuko wa protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana ishara, viungo vikishindwa kufanya kazi. Walipona, lakini waliteseka vibaya. Nyani waliopimwa kabla yao hawakuonyesha hatari hiyo, kwa kuwa seli zao T za kumbukumbu zilizokomaa, yaani zilizowahi kupigana, hazina CD28 kama zetu.

Njia iliyofanikiwa zaidi ni kuifunga ishara ya pili pamoja na ya kwanza. Katika tiba ya CAR-T, seli za mgonjwa huwekewa kipokezi cha kutengenezwa chenye mkia wa ishara zote mbili, hivyo kichocheo huwaka pale tu seli inapoigusa saratani. Vipokezi vya mwanzo, vilivyokuwa na ishara moja, vilichoka haraka mwilini. Tiba mbili za kwanza zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017 zilikuwa na ya pili: moja ilitumia CD28, nyingine 4-1BB, protini nyingine ya seli T inayotoa ishara ya pili. Za CD28 huwaka kwa kasi. Za 4-1BB huenda taratibu na kudumu zaidi. Nikizilea sambamba, maji ya visima vya CD28 ndiyo hutangulia kugeuka manjano.